Jinsi Maamuzi ya Uchakataji wa Data Yanavyoathiri Utafiti wa Angahewa za Sayari za Nje: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwaka 2021 makundi mawili ya wanaastronomia yalitoa matokeo kuhusu angahewa ya GJ 1132 b, sayari ya mawe inayokaribiana na Dunia kwa ukubwa na iliyo umbali wa takriban miaka nuru 41. Kundi moja lilieleza kwamba sayari hiyo imezungukwa na angahewa ya hidrojeni yenye dalili za methani na hidrojeni sianidi. Kundi la pili lilipata spektra (mwanga uliopimwa kwa kila urefu wa wimbi) tambarare isiyo na alama ya molekuli yoyote. Wote walitumia data zilezile zilizokusanywa na darubini ya anga ya Hubble. Sayari ilikuwa ileile na vipimo vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni maamuzi yaliyofanywa kati ya kitambuzi na grafu ya mwisho.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi au mtafiti anayeanza, mwenye ujuzi wa kuandika programu fupi na wa takwimu za msingi, ambaye anataka kupakua data halisi za darubini ya James Webb kutoka hifadhi ya MAST na kuzichakata mwenyewe. Nitashughulikia zaidi mbinu ya mpito, yaani kupima mwanga wa nyota wakati sayari inapopita mbele yake, kisha nitagusa kwa ufupi darubini za ardhini. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba kila chaguo la uchakataji ni dai kuhusu kifaa, kuhusu nyota au kuhusu sayari, na dai hilo linapaswa kujaribiwa kama linavyojaribiwa dai jingine lolote la kisayansi. Spektra isiyoambatana na majaribio hayo haijakamilika, hata pambizo zake za kosa ziwe nyembamba kiasi gani.

Kabla ya kugusa data: kokotoa ukubwa wa ishara unayoitafuta

Kina cha mpito ni mraba wa uwiano kati ya nusu kipenyo cha sayari na nusu kipenyo cha nyota. Sayari yenye ukubwa wa Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua hupunguza mwanga kwa takriban 1%. Dunia ingeupunguza kwa sehemu 84 tu kwa milioni. Hicho ni kivuli cha sayari yenyewe. Angahewa ni utando unaokizunguka kivuli hicho, na unene wake hupimwa kwa kimo cha angahewa, yaani urefu ambao ukiupanda shinikizo hushuka hadi takriban 37% ya lilivyokuwa. Kimo hicho hukua kadiri halijoto inavyopanda, na hupungua kadiri molekuli zinavyokuwa nzito au uvutano unavyokuwa mkubwa.

Tufanye hesabu yenyewe. Sayari HD 209458 b ina halijoto ya karibu kelvini 1,450 na angahewa ya hidrojeni na heli, hivyo kimo chake ni takriban kilomita 550. Zidisha mara mbili ya nusu kipenyo cha sayari kwa kimo hicho, kisha gawanya kwa mraba wa nusu kipenyo cha nyota, nawe utapata takriban sehemu 150 kwa milioni kwa kila kimo kimoja. Dunia, ambayo kimo chake ni kama kilomita 8.5, ingetoa sehemu 0.2 tu kwa milioni mbele ya Jua. Ikihamishiwa mbele ya nyota ndogo kama TRAPPIST-1, ambayo nusu kipenyo chake ni takriban 12% ya cha Jua, ingetoa kama sehemu 16. Andika namba ya sayari yako mahali utakapoiona kila siku, kwa kuwa kila uamuzi unaofuata utapimwa dhidi yake. Uamuzi unaohamisha kina cha mpito kwa sehemu 30 kwa milioni ni jambo dogo kwa HD 209458 b, lakini kwa sayari ya mawe unaweza kuumba angahewa nzima au kuifuta.

Hatua ya 1: Fungua daftari la maamuzi

Daftari hili liwe faili la kawaida la maandishi linalokaa pamoja na programu zako. Andika toleo la programu rasmi ya uchakataji, na andika pia namba ya seti ya faili za marejeo zilizotumika, zile zinazoishia kwa herufi «pmap», kwa sababu faili hizo husasishwa mara kwa mara na spektra ya mwaka jana huenda isirudi ileile ukiichakata upya leo. Kwa kila hatua andika ulichochagua, ulichokiacha, na sababu.

Muhimu kuliko yote, amua mapema yale yanayoweza kuamuliwa mapema: upana wa mafungu ya spektra (makundi ya urefu wa mawimbi yanayojumlishwa pamoja), sheria ya kufifia kwa kingo za nyota, aina ya mielekeo ya kifaa (mabadiliko ya mwanga yanayotokana na kifaa chenyewe) utakayoruhusu, na kigezo cha kuchagua kati ya miundo miwili. Mtafiti ambaye ameshaona kilima mahali penye methani hana tena macho ya kuamua kama pikseli fulani ni mbovu. Kwa sababu hiyohiyo, makundi mengi yenye uzoefu huchakata data kwa angalau njia mbili zinazojitegemea. Ndivyo ilivyofanyika kwa WASP-39 b, sayari ya kwanza ambayo James Webb ilionyesha ndani yake kaboni dioksidi kwa uwazi, mwaka 2022: programu kadhaa zilizoandikwa na watu tofauti zilipewa data zilezile, na kilele cha kaboni dioksidi kikabaki pale pale katika zote. Kubaki huko ndiko kulikolipa dai hilo nguvu.

Hatua ya 2: Kutoka usomaji ghafi hadi mteremko

Hapa ndipo wengi hupita haraka, wakichukua mafaili yaliyokwisha kuchakatwa na kuanzia hapo. Nakushauri sana usifanye hivyo, kwa kuwa makosa yanayozaliwa katika hatua hii hayaondoki baadaye. Hubadilika sura tu.

Kitambuzi cha mwanga wa infraredi husomwa mara kadhaa bila kufutwa, na kila pikseli hutoa mfululizo wa thamani zinazopanda. Mteremko wa mfululizo huo ndio kasi ya kuingia kwa mwanga. Kabla ya kuupata mteremko, programu huondoa kiwango cha awali cha kitambuzi, hurekebisha tabia yake isiyo ya mstari mnyoofu, huweka alama pikseli zilizojaa, na hutafuta miruko inayosababishwa na miale ya kosmiki. Kila moja ya kazi hizi ina kitufe cha kugeuza.

Chukua kujaa kwa pikseli. Nyota angavu ikitazamwa kwa prizma ya NIRSpec, kifaa cha spektra cha James Webb, inaweza kujaza pikseli za katikati ya spektra baada ya usomaji mmoja au miwili tu, na hilo lilitokea kwa sehemu ya mawimbi mafupi ya WASP-39 b. Una njia tatu: kulitupa eneo hilo, kutumia usomaji wa mwanzo tu kwa pikseli hizo, au kuitumia pia safu ya pikseli jirani kupanua alama ya kujaa, kwa kuwa chaji hufurika kwenda kwa majirani. Njia hizi tatu zinaweza kutoa vina tofauti vya mpito kwenye eneo ambako alama za mvuke wa maji zipo. Jaribu zote, na kama hazikubaliani, liache eneo hilo hata kama linauma.

Kisha kuna miruko. Kiwango cha kawaida cha programu rasmi kimekuwa sigma 4 (mara nne ya mkengeuko wa kawaida), yaani thamani ikiachana na matarajio kwa zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa mwale wa kosmiki. Tazama kwa karibu maana yake. Dirisha dogo la pikseli 512 kwa 32 lina pikseli 16,384. Katika kelele ya kawaida, thamani moja kati ya kama 16,000 huvuka sigma 4 kwa bahati tu, hivyo kila tofauti kati ya usomaji mmoja na unaofuata hutoa takriban mruko mmoja wa uongo. Mkusanyo (mfululizo mmoja wa usomaji kabla kitambuzi hakijafutwa) wenye usomaji mitano una tofauti nne, na uchunguzi mmoja una maelfu ya mikusanyo. Matokeo yake ni makumi ya maelfu ya pikseli njema zinazotupwa ingawa hazina kosa, na hali huwa mbaya zaidi pale makadirio ya kelele yanapokuwa madogo kuliko kelele halisi. Ndiyo maana wachakataji wengi wa data za mpito hupandisha kiwango hicho hadi 10 au 15, au hukizima kabisa na badala yake huitafuta miale ya kosmiki kwa kulinganisha pikseli hiyohiyo katika mikusanyo iliyotangulia na iliyofuata. Jaribio la kufanya ni rahisi: hesabu asilimia ya pikseli zilizowekwa alama ndani ya njia ya spektra (ukanda wa kitambuzi unaoangukiwa na mwanga wa nyota) na nje yake. Miale ya kosmiki haichagui mahali, kwa hiyo asilimia ikiwa kubwa zaidi pale penye mwanga mwingi, unachokiondoa ni mwanga wa nyota.

Kelele ya milia nayo inahitaji uangalifu. Elektroniki za vitambuzi hivi husoma pikseli moja baada ya nyingine kwa maikrosekunde 10 kila moja, na kiwango chao huyumba polepole wakati wa kusoma, hivyo pikseli zilizosomwa pamoja huyumba pamoja na kuacha milia. Katika NIRSpec milia hiyo huenda sambamba na safu wima, kwa hiyo unaweza kuchukua pikseli zisizo na mwanga wa nyota katika kila safu wima, kupata thamani yake ya kati, na kuiondoa. Swali ni lini. Ukiiondoa katika kila usomaji kabla ya kupata mteremko, unaisafisha kelele mahali inapozaliwa. Ukisubiri hadi mteremko upatikane, kila usomaji utakuwa umeleta mlia wake, na mabaki hayo yatachanganyika. Katika data zenye usomaji michache tofauti huonekana wazi kwenye mtawanyiko wa grafu za mwanga. Hatari yenyewe iko kwenye pikseli unazoziita «zisizo na mwanga»: ukiliacha dirisha la nyota liwe jembamba, kingo za nyota zitahesabiwa kama usuli (mwanga usiotoka kwa nyota yako) na utakuwa umeondoa sehemu ya ishara. Katika NIRISS, kifaa kingine cha James Webb, njia za spektra huchukua nafasi kubwa ya safu wima, na katika NIRCam, kamera ya darubini hiyohiyo, milia hufuata mwelekeo wa mtawanyo wa spektra, hivyo njia ya NIRSpec haiwezi kuhamishwa huko bila kufikiri.

Hatua ya 3: Mwanga wa usuli na kuvuna spektra

Mabaki madogo ya usuli hufanya madhara makubwa kuliko wengi wanavyodhani. WASP-39 b huziba takriban 2.12% ya mwanga wa nyota yake, yaani sehemu 21,200 kwa milioni. Tuseme katika sehemu fulani ya spektra umebakiza usuli unaolingana na 0.5% ya mwanga wa nyota. Usuli hauzibwi na sayari, kwa hiyo kina utakachopima kitakuwa 21,200 gawanya kwa 1.005, yaani karibu 21,095. Umepoteza sehemu 105 kwa milioni. Kama mabaki hayo yangekuwa sawa katika urefu wote wa mawimbi, spektra ingeshuka yote kwa pamoja na umbo lake lisingeharibika sana. Lakini nyota hufifia kuelekea mawimbi marefu na usuli huongezeka, kwa hiyo mabaki hukua kuelekea upande mmoja na kuipa spektra mteremko ambao mtu anaweza kuusoma kama ukungu au mawingu. Nyota nyingine iliyo karibu, ambayo mwanga wake unaangukia juu ya njia yako, hufanya vivyo hivyo lakini kwa eneo dogo, na mwanga huo unaweza kufanana na alama ya molekuli. Katika NIRISS kuna tatizo la ziada: oda mbili za spektra (nakala mbili za mwanga uliotawanywa) hupandana, na usuli wa vumbi la mfumo wetu wa jua una ngazi katikati ya picha ambayo ni lazima ipimwe pande zote mbili.

Upana wa dirisha la kuvuna uchaguliwe kwa majaribio. Vuna kwa upana kadhaa, na kwa kila upana pima mtawanyiko wa grafu ya mwanga nje ya mpito. Upana wenye mtawanyiko mdogo kabisa ni chaguo la busara, ila usiishie hapo. Chora vina vya mpito vya upana wote kwenye grafu moja. Vikiwa vinatembea kwa mpangilio kadiri dirisha linavyopanuka, usuli wako haujaondolewa vizuri, na kuchagua upana «bora» kunalificha tatizo bila kulitatua.

Hatua ya 4: Grafu za mwanga

Hakiki muda kwanza. Vipimo vyako vinapaswa kuwa katika saa ya TDB, kipimo cha muda cha wanaastronomia, iliyosahihishwa hadi kitovu cha mfumo wa jua. Tofauti kati ya saa hiyo na UTC, saa ya kawaida ya dunia, kwa sasa ni sekunde 69, na kuchanganya hizo mbili hufanya mpito uonekane umechelewa au umewahi.

Baada ya hapo ni mielekeo ya kifaa. Hubble huizunguka Dunia kwa takriban dakika 95, na kitambuzi chake cha WFC3 hunasa chaji mwanzoni mwa kila mzunguko, hivyo mwanga huonekana kupanda kwa umbo la ndoano. Watafiti wengi huutupa mzunguko wa kwanza na huunda kielelezo cha mingine. MIRI, kifaa cha James Webb cha mawimbi marefu ya infraredi, huanza na mshuko au mpando wa kasi unaotulia taratibu. NIRSpec, hasa kitambuzi chake cha NRS1, huonyesha mteremko mrefu wa mstari. Kwa kila moja unapaswa kuamua data kiasi gani za mwanzo zitupwe na umbo gani lisawazishwe: mstari, mkunjo wa mraba, au kipeo. Umbo lenye uhuru mwingi litakula sehemu ya mpito. Lenye uhuru mdogo litaacha mwelekeo ndani ya mpito. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba methani na mvuke wa maji vimeonekana katika HD 189733 b kupitia kifaa cha NICMOS cha Hubble, na uchambuzi upya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba spektra hiyo ilibadilika kulingana na vigezo vilivyochaguliwa kusawazishia tabia ya kifaa. Matokeo ya mjadala huo yalikuwa mazuri kwa taaluma nzima: michakato ya Gauss iliingia kwenye utafiti huu, ikimruhusu mtafiti kusema kwamba umbo la mwelekeo halijulikani na kuiacha shaka hiyo ipanue pambizo ya kosa.

Kufifia kwa kingo za nyota kunastahili muda wako pia. Diski ya nyota hung'aa zaidi katikati kuliko pembeni, na hali hiyo hutegemea urefu wa wimbi. Unaweza kuchukua thamani kutoka kielelezo cha nyota na kuzifunga, unaweza kuziacha huru, au unaweza kuziacha huru ndani ya mipaka iliyozunguka kielelezo. Ukizifunga kwenye kielelezo kisicho sahihi, kosa la kielelezo linaingia moja kwa moja kwenye kina, tena kwa kiwango kinachobadilika na urefu wa wimbi, na zaidi katika mawimbi mafupi. Ukiziacha huru kabisa katika mafungu membamba yenye kelele nyingi, thamani hugonga mipaka yake na kina huegemea upande mmoja. Mimi hupendelea njia ya tatu, na huichukulia tofauti kati ya njia hizo kuwa sehemu ya kosa. Mwinamo wa obiti hufungamana na jambo hilihili: ukifunga thamani ya mwinamo isiyo sahihi, spektra nzima huweza kupata mteremko kwenye upande wa mwanga unaoonekana. Kwa sababu hiyo sayari moja inayochanganywa kutoka vifaa kadhaa ichambuliwe kwa vigezo vilevile vya obiti, tena vilivyopatikana kwa pamoja.

Hatimaye kagua mabaki. Unganisha mabaki ya vipimo katika mafungu yanayozidi kukua na uchore mtawanyiko wake. Kelele ya kawaida hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Mstari wako ukiacha kushuka, kuna kelele inayofungamana kwa muda na pambizo zako ni nyembamba mno. Pamoja na hilo, ingiza mpito wa bandia wenye kina unachokijua ndani ya data, pitisha kila kitu upya tangu hatua ya 2, na uone kama unaupata kama ulivyouweka. Sijui jaribio jingine linaloaminika kuliko hilo.

Hatua ya 5: Nyota si taa tulivu

Uchakataji bora kabisa hauwezi kuondoa madoa ya nyota, kwa sababu hayo si hitilafu ya kifaa. Njia ya sayari ikipita sehemu angavu za diski huku madoa baridi yakibaki nje ya njia hiyo, kina kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo, na zaidi kwenye mawimbi mafupi. Nyota nyekundu baridi zina madoa yenye ubaridi wa kutosha kuhifadhi mvuke wa maji, kwa hiyo alama ya maji inaweza kutoka kwa nyota. Kwa sayari Gl 486 b, data za James Webb zilizochapishwa mwaka 2023 zilieleweka kwa njia zote mbili: maji katika angahewa au maji katika madoa. GJ 1132 b nayo ilipotazamwa na James Webb mara mbili, spektra za siku hizo mbili hazikukubaliana. Usifanye wastani wa mipito kabla ya kuitazama mmoja mmoja.

Hata alama ya kihistoria imeguswa. Sodiamu iliyotangazwa mwaka 2002 katika HD 209458 b, alama ya kwanza ya angahewa ya sayari ya nje, ilichunguzwa upya kuanzia mwaka 2020 kwa spektra za ardhini zenye mpambanuo mkubwa (zinazotenganisha mawimbi kwa undani sana), na watafiti wakaonyesha kwamba umbo lililoonekana katika spektra hizo linaelezeka kwa sayari kuziba sehemu tofauti za nyota inayojizungusha kwenye mhimili wake, bila kuhitaji sodiamu. Anayefanya kazi kwenye mistari ambayo nyota yenyewe inayo lazima aweke mzunguko wa nyota katika kielelezo chake tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Kuunganisha vifaa na kuchagua mafungu

NIRSpec katika hali ya G395H hutumia vitambuzi viwili vyenye pengo kati ya takriban maikromita 3.72 na 3.82, na mara nyingi kina cha upande mmoja huwa juu kidogo ya kingine. Ruhusu tofauti hiyo iwe kigezo huru katika uchambuzi wa mwisho. Fanya hivyo pia unapounganisha NIRISS na NIRSpec, au Hubble na James Webb. Bila kigezo hicho, ngazi ndogo ya kifaa hugeuka kuwa wingi wa gesi ambayo alama yake imeangukia upande mmoja wa pengo.

Kuhusu mafungu, badilisha upana na mahali pa kuanzia. Alama inayotegemea fungu moja na inayotoweka ukisogeza mipaka kwa nusu fungu haistahili jina la molekuli.

Hatua ya 7: Kuisoma angahewa

Programu ya kutafuta muundo wa angahewa hulinganisha mamilioni ya spektra za kinadharia na yako. Itakupa jibu daima, hata spektra ikiwa kelele tupu, kwa hiyo mazoezi ya kwanza ni kuilinganisha spektra na mstari mnyoofu. Pili, itumie kwa kila toleo la uchakataji uliloweka kwenye daftari, na uripoti yanayobaki na yanayotoweka.

K2-18 b inafaa kusomwa kwa makini. Mwaka 2019 Hubble ilionekana kugundua mvuke wa maji karibu na maikromita 1.4, eneo ambalo methani pia hunyonya mwanga. Mwaka 2023 James Webb ilionyesha methani kwa uwazi, maji hayakuthibitika, na kukaripotiwa kaboni dioksidi na dokezo dhaifu la dimethili salfaidi, gesi ambayo duniani huhusishwa na viumbe wa baharini. Aprili 2025 likaja dai la sigma 3 kutoka MIRI kwamba gesi hiyo, au jamaa yake, ipo. Katika mwaka huohuo wachambuzi wengine walichakata data hizo upya: methani ilisimama, ushahidi wa kaboni dioksidi ulitegemea namna data zilivyoshughulikiwa, na spektra ya MIRI ilionekana kuelezeka na mstari mnyoofu au na molekuli nyingine ambazo hazikujaribiwa mwanzoni. Jambo hilo la mwisho ni la kuangaliwa sana. Ukiipa programu molekuli chache tu za kuchagua, itaipa mojawapo kura zote. Kwa hiyo orodha ya molekuli nayo ni uamuzi wa uchakataji.

Kuwa mwangalifu pia na namna ya kutangaza uhakika. Uwiano wa Bayes wa 3, ambao maana yake ni uwezekano wa tatu kwa mmoja tu, hubadilishwa kwa kanuni iliyozoeleka kuwa «sigma 2.1», na msomaji husikia 96%. Andika uwiano wenyewe.

Neno kuhusu darubini za ardhini

Kwa spektra zenye mpambanuo mkubwa, mbinu kama SYSREM huondoa mistari ya hewa ya Dunia na ya nyota kwa mizunguko kadhaa, na kila mzunguko hula pia sehemu ya sayari, kwa kuwa sayari inayosogea polepole katika spektra hufanana na vitu visivyosogea. Idadi ya mizunguko ikichaguliwa kwa kukuza ishara pale tu inapotarajiwa, kelele yoyote iliyo mahali hapo itakuzwa pia na kuonekana kama ugunduzi. Chagua idadi hiyo kwa kuingiza ishara ya bandia na kupima tofauti kati ya data zenye ishara hiyo na zisizo nayo, na upitishe kielelezo chako kwenye mizunguko ileile kabla ya kukilinganisha na data.

Hatua ya 8: Kuweka matokeo hadharani

Toa spektra yako kama jedwali lenye mipaka ya kila fungu, kina na pambizo. Ambatanisha matoleo mbadala yote, pamoja na jedwali la jinsi makosa ya mafungu jirani yanavyofungamana, kwa maana programu nyingi za kusoma angahewa huchukulia kwamba kila fungu linajitegemea, na dhana hiyo si sahihi pale kelele ya milia au usuli wa pamoja ulipopita. Weka grafu za mwanga za kila fungu, kabla na baada ya kusawazishwa, na orodha ya pikseli zilizoondolewa. Daftari la maamuzi liende pamoja nazo, likiwa na tarehe, ili anayefuata ajue ni maamuzi gani yalifanywa kabla ya spektra kuonekana na yapi yalifanywa baadaye. Pale matoleo yako mawili yanapotofautiana kwa zaidi ya pambizo zake, ongeza tofauti hiyo kwenye pambizo za spektra unayoipendekeza, uandike wazi ni sehemu gani ya kosa inatokana na kelele na ni ipi inatokana na kutokubaliana kwa mbinu.